Vipimo vya Israël

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Sitafuti mtu wa kunisaidia kuubeba ujinga huo. Ulikuwa saizi yangu kabisa, na niliuvaa nikicheka.

Tulikuwa tumekaa katika chumba cha nyuma cha duka la kushonea la mama yangu mdogo, Mwajuma, hapa Kamalondo. Kompyuta yangu inalala humo, chini ya meza ya kukatia, kati ya mabaki ya vitambaa na pasi iliyoungua. Mbele yangu alikuwa Israël, rafiki yangu wa chuo, mtoto wa Makomeno, kijana mnene mwenye shingo ya mkurugenzi na sauti ya kumuuzia maji mtu aliyetoka kuoga sasa hivi. Tulikuwa tunatengeneza pamoja application ya washonaji, jina lake Mushono. Mteja anapimwa mara moja, vipimo vyake vinakaa ndani, na siku akitaka libaya, ile blauzi ya kitenge, au suti, mshonaji yeyote wa Lubumbashi anafungua simu na kukata kitambaa. "Tunatengeneza pamoja" maana yake mimi nilikuwa naandika sehemu yote ya nyuma, ile ambayo mwenye simu haioni, na Israël alikuwa anachagua rangi.

"Mon frère," akaniambia, "nielezee hii kazi yako sawa vile unaelezea mutoto. Modèle njo nini?"

Hakuna kitu kinachonipendeza kama kuulizwa. Niliruka, nikachomoa ukutani karatasi ya kukatia ya mama mdogo, ile ya koti la mwanamume.

"Unaona hii karatasi? Hii haiko koti. Inasema tu koti iko na nini: iko na kifua, iko na mabega, iko na mikono mbili. Njo modèle. Modèle ya mteja inasema: mteja iko na jina, na namba ya simu, na kifua, na kiuno, na mukono. Haijue ni nani. Haijue iko wapi."

"Na kitambaa yenyewe?"

"Kitambaa iko ndani ya kabati. Sasa kati ya karatasi na kabati unaomba muntu wa kutuma. Unamuambia kabati iko fasi fulani, wee nenda, fungua, lete. Ule muntu njo..."

Umeme ukakatika. Mashine za mbele zikanyamaza zote kwa pamoja, na mama mdogo akatoa lile tusi alilotoka nalo Kindu, ambalo mpaka leo hajanielezea maana yake. Israël akasimama, akajifuta nyuzi kwenye suruali.

"Basi nimeelewa yote," akasema.

Hakuelewa yote. Yule mtu wa kutumwa anaitwa connecteur, na Israël hakumsubiri. Mimi nikamsindikiza mpaka barabarani, mkono wangu begani mwake, na njiani nikampa mot de passe, neno la siri, ya code yote ili akaisome kwao kwa utulivu. Nilimpa bila kuombwa mara mbili. Hata mwizi mwenyewe nadhani alishangaa kidogo.

Wiki chache baadaye, mama mdogo akaniita dukani. Alikuwa na pini mdomoni na simu mkononi. Kwenye simu, Israël amesimama na tai mbele ya watu, nyuma yake bango kubwa limeandikwa MUSHONO, na mkononi ameshika nini? Karatasi ya kukatia.

"Hii karatasi haiko koti," anasema Israël. "Inasema tu koti iko na nini."

Neno kwa neno. Pale mimi nilipokohoa, yeye alikunywa maji. Nikamngoja afike kwa mtu wa kutumwa kwenye kabati, lakini hapo akarukia moja kwa moja "l'avenir de l'Afrique", kesho ya Afrika, na watu wakapiga makofi. Akatambulishwa Madame Cathy, mfanyabiashara wa mjini, mwanamke mwenye miwani na maneno machache, ambaye ndiye atakayeweka mtaji. Mwandishi wa habari akauliza kama kazi yote hiyo aliifanya peke yake.

"Niko na petit mumoja wa Kamalondo," Israël akajibu, "ananisaidiaka na mafil." Petit ni mdogo wake, mafil ni nyaya. Kisha akaongeza kwa kicheko: "Na munajua, mbele ya Mushono bamama ba kule balikuwa banapima bantu na macho tu!"

Mama mdogo akazitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa.

"Na macho?"

"Njo amesema, mama mudogo."

"Mie Mwajuma? Na macho?"

Hakupandisha sauti. Mimi ningependa angepandisha.

Nikampigia Israël. Alipokea kwa furaha, kama mtu aliyekuwa anangoja pongezi.

"Petit, usikuwe na wivu," akasema. "Kuko bantu ba kusema mbele na kuko bantu ba kukaa nyuma. Nitakutafutia ka kazi. Utachunga wifi."

Wifi! Mimi niliyeuza unité, vocha za simu, juani mpaka kichwa kikaiva, niliyetengeneza simu za watu kwenye kibanda ambacho mvua ilikijua kuliko mimi, niliyefanya kazi kwa mabwana waliokuwa wanahama mji kila ifikapo siku ya mshahara. Kwenye mambo hayo yote nimejifunza kitu kimoja: kucheka huku naangalia mkono wa mtu uko wapi. Siku ile sikucheka. Nilirudi chumba cha nyuma, nikaiwasha kompyuta ili nifute kila kitu nilichokiandika, nilale.

Ndipo nikaona wageni.

Kwenye kioo changu mistari ilikuwa inapita: mtu anaomba orodha ya wateja, mtu anaomba kifua cha huyu, mtu anaomba mkono wa yule. Maombi yalikuwa yanatoka kwenye serveur nisiyoijua, kompyuta ya mbali. Nikaifuatilia. Ilikuwa serveur ya Israël, mpya, ya kulipiwa, inang'aa. Alikuwa ameweka humo modèle zangu zote, akabadilisha rangi, akafuta jina langu kila mahali alipoliona. Lakini connecteur hakuigusa, maana hakujua kama iko. Na connecteur niliiandika mimi: kabati liko kwa Asani, yaani kwangu mimi, Kamalondo, chini ya meza. Kila alipofungua Mushono mbele ya matajiri wake, yule mtu wangu wa kutumwa alikuwa anakimbia mbio kutoka mjini mpaka hapa, anainama kati ya mabaki ya vitambaa, anachukua vipimo, anarudi navyo.

Alibeba makaratasi, akaniachia kabati na ufunguo wake.

Nilicheka mpaka mama mdogo akaja kuangalia kama nimepatwa na kitu. Nikamwelezea. Alisikiliza huku anapiga pasi, na nilipomaliza akauliza:

"Sasa utafanya nini?"

"Nafuta yote. Akifungua, akute empty. Ao kila mteja ninamuandika jina mupya: Israël Mwizi wa Kwanza, Israël Mwizi wa Pili..."

"Na bamama bangu?" Aliiweka pasi chini. "Bipimo ya bantu ya mariage, ile arusi ya mwezi kesho, iko mule ndani, familia muzima. Unataka kuchoma mwizi ndani ya nyumba yangu?"

Alikuwa na haki. Wale mama walikuja kwake wakamwonyesha viuno vyao, jambo ambalo hata waume zao hawaonyeshwi bila mabishano. Kama vipimo vingepotea, jina la Mwajuma lingepotea navyo, na Israël angepata la kusema tena kwenye televisheni.

Nikafikiri, kisha nikamwambia kuna njia. Ninatengeneza kabati la pili, nakala ya lile la kwanza. Mlango wanaoingilia wateja wetu unabaki kwenye kabati la kwanza, na mambo yao hayaguswi. Mlango anaoingilia Israël naugeuza uende kwenye la pili. Ni mstari mmoja tu wa kubadilisha. Yeye hataona tofauti yoyote, kwa sababu modèle haichunguzi. Inauliza tu: nipe mteja, nipe kifua, nipe mkono. Chochote kitakachokuja kupitia mlango huo, itakipokea na kushukuru, kama mimi nilivyokuwa namwamini Israël.

"Na ndani ya hiyo kabati ya pili utaweka nini?"

"Matusi," nikasema.

Akanitazama kama ninavyomtazama mtu anayeniomba nimrudishie picha za simu aliyoiangusha chooni.

"Matusi atafuta. Atasema ni virus. Ngoja kwanza."

Tukangoja. Kungoja ni kazi ngumu ukiwa na hasira nzuri mkononi. Inataka kupoa, na mimi kila asubuhi niliipasha moto kwa kuangalia ile video. Pale kwenye "mafil" nilikuwa narudia.

Halafu Israël mwenyewe akatuletea jibu. Alitangaza kila mahali: démonstration, yaani onyesho kubwa, hotelini mjini, Madame Cathy na wageni wake watakuwepo, na washonaji mabingwa wote wa Kamalondo wamealikwa. Suti ya kwanza Lubumbashi kukatwa kwa simu peke yake! Mshonaji hatamwona mteja, hatamgusa, hatamjaribishia. Na mteja ni nani? Israël mwenyewe. Ataivaa pale pale, mbele ya watu, mara ya kwanza. Mshonaji aliyechaguliwa alikuwa Jeannot, ambaye anakaa upande wa Annexe na hajawahi kumwona Israël hata kwenye ndoto. Kitu ambacho Israël hakujua ni kwamba Jeannot alijifunza kushika makasi kwenye meza ile ile iliyokuwa juu ya kompyuta yangu.

Mama mdogo alilisoma tangazo mara mbili.

"Bila essayage?"

"Bila essayage, mama mudogo."

"Suti ya mwanaume. Bila essayage."

Na kwa mara ya kwanza tangu siku ya video, akacheka. Mshonaji anayejua kazi yake anamwita mteja ajaribu nguo ingali na nyuzi za muda, anakaza hapa, anaachia pale. Kuiruka hatua hiyo mbele ya watu ni kutembea barabarani macho yamefungwa ili uonyeshe una viatu vizuri.

"Bipimo yake iko ndani?" akauliza.

Vilikuwemo. Israël alikuwa mteja wetu wa kwanza kabisa. Mama mdogo mwenyewe alimpima, siku zile bado anakula ugali wetu na kumwita mama.

"Basi naweka mukono mumoja murefu, mumoja mufupi," nikasema. "Muguu moja ya suruali inaishia kwa goti."

"Hapana." Alisema kwa ukali. "Jeannot ataona na atauliza. Na kitambaa ile Madame ametoa, nimeiona, ni laine ya kweli, sufu safi. Sitakubali kitambaa ya vile iharibike juu ya hasira yako. Lazima itoshe muntu." Akavuta mètre, utepe wake wa kupimia, shingoni. "Simama."

"Mie?"

"Simama, Asani. Nyoosha mukono. Usivute tumbo, hata hauna."

Akanipima. Kifua changu cha kuku, mabega yangu ya hanga ya nguo, mikono yangu mifupi. Alikuwa anataja, mimi naandika, na kila namba tuliyoiweka chini ya jina la Israël ilikuwa inaniingia tumboni tamu kama chai ya kwanza ya mwezi wa Ramadhani. Nilipomaliza, kwenye kabati la pili kulikuwa na mteja anayeitwa Israël, mwenye namba ya simu ya Israël, mwenye mwili wangu.

Kitu kimoja tu kilinisumbua. "Na Jeannot? Watasema njo yeye hajue kushona."

"Jeannot namujua," akajibu. "Muambie siku ile asisahau mètre yake."

Ukumbi wa hoteli ulikuwa na baridi ya mashine na harufu ya manukato. Mabwana mbele, washonaji wa Kamalondo nyuma, na mimi nyuma ya washonaji, karibu na mlango, mahali pa mtu wa mafil. Mama mdogo alikuwa amevaa pagne, kitenge chake cha sikukuu, na kwa vile alialikwa kama bingwa alienda kukaa mbele bila kuuliza mtu. Madame Cathy akamsogezea kiti.

Israël alipanda na shati jeupe, akafungua Mushono kwenye kioo kikubwa. Jina lake likatokea, na chini yake vipimo. Aliviangalia kwa upendo. Mtu hajui kifua chake ni ngapi. Yeye anajua tu kwamba ni kikubwa. Nilimwona mama mdogo anarekebisha kitambaa cha kichwa ili afiche mdomo.

"Mesdames, messieurs," Israël akasema, "huyu mushonaji hajawahi niona. Ni ya kweli, Jeannot?"

"Ni ya kweli, patron," Jeannot akajibu. "Leo njo minakuona." Na alivyomwona, alimwangalia kutoka shingoni mpaka tumboni, na uso wake ukabadilika kidogo kidogo, kama mtu anayesikia maji yanaingia ndani ya viatu.

Walileta suti. Ilikuwa nzuri, nasema kweli. Buluu ya usiku, kola imelala vizuri kabisa, Jeannot hakuniangusha. Israël akaingiza mkono wa kulia. Ukaingia mpaka kiwiko ukasimama. Akausukuma kwa tabasamu. Akaingiza wa kushoto, mabega yakapanda masikioni, na nyuma kukasikika sauti ndogo ya mshono unaolalamika. Mikono ya koti iliishia mbali na saa yake. Mbele, upande mmoja na upande mwingine wa koti vilikuwa vinaangaliana kwa mbali, kama ndugu waliogombania urithi.

Mtu mmoja akacheka. Kisha Kamalondo yote ikacheka, kuanzia safu ya nyuma.

"Huyu mushonaji!" Israël akapiga kelele, jasho linamtoka. "Madame Cathy, munaniletea bantu hawajue kushona!"

Jeannot alimsogelea. Alivuta mètre mfukoni, akamvua koti polepole kama mtoto anayetolewa shati la shule, akalilaza mezani. Akapima kifua cha koti, akaonyesha kioo. Sawasawa. Akapima mkono, akaonyesha kioo. Sawasawa. Mabega, sawasawa.

"Nimekata kile simu imeniambia," akasema. "Simu yenu njo haikujue, patron."

Pale kicheko kikakatika, maana watu wa mbele nao walielewa. Madame Cathy akavua miwani.

"Israël, hizi vipimo zinatoka wapi?"

"Kwa... kwa cloud, Madame."

"Cloud iko Kamalondo," nikasema kutoka mlangoni. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga. "Iko chini ya meza ya mama yangu mudogo. Karibu na pasi."

Vichwa vyote vikageuka. Israël akaniona, na nikaona anavyoelewa, hatua kwa hatua, mpaka mwisho.

"Ni yeye!" Akaninyooshea kidole. "Sabotage! Ameingia ndani ya application yangu!"

"Petit wa mafil?" Madame Cathy akauliza taratibu. "Anaingia namna gani?"

"Sikuingia, Madame," nikasema. "Mie sijatoka. Muambie afungue code, atuonyeshe connecteur inaelekea wapi. Niko tayari kungoja."

Israël aliangalia kompyuta yake. Vidole vyake vilitembea juu ya vitufe bila kubonyeza, kama mtu anayetafuta swichi kwenye nyumba ya watu. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa naifurahia kila nukta. Nilitamani umeme usikatike kwa mara hii moja.

"Connecteur ni kintu ya bure!" akasema mwisho, akaichukua suti mezani, akaitikisa hewani. "Ni mafil! Modèle zote ziko zangu! Jina iko yangu, rangi iko yangu! Madame, musibasikilize hawa bantu. Hii kintu yote, ya mbele na ya nyuma, iko yangu, yangu mie!"

Mama mdogo alisimama. Hakuharakisha. Alikwenda mpaka kwake, akachukua koti mikononi mwake, akalipangusa vumbi begani, akamvalisha tena kwa nguvu za mtu aliyevalisha mji mzima. Kisha akarudi nyuma hatua moja na kumwangalia tumboni, na macho tu, bila mètre.

"Ee, baba," akamwambia, "kama iko yako, funga kifungo."